Mnunuzi Nyuma ya Mnunuzi

Februari 1990, Rais George H. W. Bush wa Marekani aliiamuru kampuni moja ya serikali ya China, CATIC, iachie karakana iliyokuwa imeinunua mjini Seattle. Karakana hiyo iliitwa MAMCO. Ilitengeneza vipande vya chuma vya ndege, na Boeing ilikuwa miongoni mwa wateja wake. Miaka 23 baadaye, Septemba 2013, kampuni nyingine ya China, Shuanghui, iliruhusiwa kuinunua Smithfield, mzalishaji mkubwa wa nyama ya nguruwe kuliko wote duniani, kwa dola bilioni 4.7 ukiacha madeni. Karakana ilizuiwa, kampuni kubwa ya nyama ikapita.

Akiyatazama mambo haya mawili juujuu, mtu ataona serikali isiyojua inachotaka. Nimewafuatilia kwa muda mrefu watu wanaoyapima majalada ya namna hii, kupitia sheria na kanuni zao, hukumu za mahakama na ripoti wanazopeleka bungeni kila mwaka, na kadiri ninavyosoma ndivyo heshima yangu kwao inavyozidi. Ukubwa wa bei hauwababaishi. Uraia wa mnunuzi peke yake hautoshi kuwaamulia. Wanachokitafuta ni kitu chembamba zaidi: mnunuzi huyu, akishakabidhiwa funguo, ataweza kufanya nini ambacho jana hakuweza?

Watu hao wanaifanyia kazi Kamati ya Uwekezaji wa Kigeni ya Marekani, ambayo dunia ya biashara inaifahamu kwa herufi zake, CFIUS. Rais Gerald Ford aliiunda kwa amri yake ya Mei 1975, wakati bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana na fedha za nchi zinazouza mafuta zilikuwa zikitafuta pa kwenda. Kwa miaka kumi na zaidi kamati haikuwa na meno. Ilikutana mara chache, ikakusanya takwimu, ikaandika taarifa.

Meno yalikuja kwa sababu ya chipu za kompyuta. Mwaka 1986 Fujitsu ya Japani ilitangaza kwamba inataka kununua sehemu kubwa ya Fairchild Semiconductor, moja ya kampuni zilizoasisi viwanda vya chipu kule California. Kelele zikawa nyingi, ingawa Fairchild wakati huo ilikuwa tayari mikononi mwa wageni, maana mwenye mali alikuwa Schlumberger, kampuni yenye asili ya Ufaransa. Serikali ilipotafuta sheria ya kuzuia mauziano hayo haikuipata. Iliyokuwapo ilimtaka rais atangaze hali ya hatari, na hakuna rais ambaye angetangaza hali ya hatari dhidi ya Japani, rafiki yake. Fujitsu walijitoa wenyewe Machi 1987 baada ya kubanwa. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha marekebisho ya Exon-Florio, yakampa rais uwezo wa kuzuia ununuzi, au kuuvunja hata kama umeshakamilika. MAMCO ikawa ya kwanza kuuonja uwezo huo.

Ninachokistahi zaidi ni jinsi kazi yenyewe inavyogawanywa. Hatari haipimwi kwa mkupuo mmoja. Kwanza anatazamwa mnunuzi: ana nia na uwezo wa kuleta madhara? Hilo ndilo tishio. Halafu inatazamwa kampuni inayouzwa: ina kitu gani, mahali gani au taarifa gani inayoweza kutumika vibaya? Huo ndio udhaifu. Mwisho, mawili hayo yanakutanishwa na swali la tatu linaulizwa: tishio hili likiukuta udhaifu huu, taifa litapoteza nini? Mnunuzi hatari anayenunua kitu kisicho na udhaifu anaweza kupita. Kampuni nyeti ikinunuliwa na mtu asiye na nia mbaya nayo inaweza kupita. Ndiyo maana nguruwe wa Smithfield na vyuma vya MAMCO havikupewa jibu moja. Nyama haina siri ya kijeshi, na ikikosekana kwa mzalishaji mmoja itapatikana kwa mwingine. Kipande cha ndege kina ujuzi ndani yake, na ujuzi ukishavuka mpaka haurudi.

Mgawanyo huu umewekwa hata katika watu. Tishio hupimwa na ofisi ya Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa, ambayo hupewa siku 30 kuandika tathmini yake. Mkurugenzi huyo ana kiti kwenye kamati lakini hana kura, na sheria inamzuia kushiriki katika sera. Anasema anachokijua juu ya mnunuzi, kisha ananyamaza. Naupenda mpaka huu kuliko kifungu kingine chochote cha sheria hiyo. Jasusi aliyezoea kuona hatari kila mahali angeachiwa pia kuamua, milango yote ingefungwa. Na kama mwenye kuamua angekuwa ndiye mwenye kupeleleza, ushahidi ungeanza kupindishwa ufuate uamuzi.

Wenye kura ni wengi, na hawapendani sana kimawazo. Mwenyekiti ni Waziri wa Fedha, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuvutia mitaji. Pamoja naye wamo wakuu wa wizara za Ulinzi, Mambo ya Nje, Sheria, Biashara, Nishati na Usalama wa Ndani, Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, na ofisi ya Ikulu inayoshughulikia sayansi na teknolojia. Kila jalada Wizara ya Fedha huliongoza pamoja na wizara nyingine inayolijua jambo lenyewe. Likihusu nguvu za umeme, Nishati wanaingia. Likihusu silaha, Ulinzi. Mwanasheria wa fedha na mhandisi wa rada wanalazimika kukaa meza moja na kuandika waraka mmoja.

Na saa inakimbia. Tangu sheria ya 2018, mapitio ya kwanza ni siku 45. Jambo likionekana zito, uchunguzi huongezwa siku 45 nyingine, na ikilazimu sana, 15 juu yake. Likifika kwa rais, naye ana siku 15. Kampuni zinazosubiri zina mikopo inayolipiwa riba na wafanyakazi wasiojua kesho yao, kwa hiyo siku hizi si za kuchezea.

Sasa tuusogelee ukurasa mmoja wa kazi hii. Kanuni zao zina kifungu kinachoeleza maana ya kuidhibiti kampuni, na ningependa kila mwanafunzi wa sheria za biashara akisome. Hakisemi asilimia 50 ya hisa. Hakitaji asilimia yoyote. Kinasema ni uwezo wa kuamua mambo muhimu ya kampuni, uwe wa moja kwa moja au wa kupitia wengine, uwe umetumika au haujatumika. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyobeba mzigo. Mnunuzi anaweza kuapa kwamba hajawahi kuingilia lolote, akawa anasema kweli, na bado asiwe amejibu swali. Mchunguzi haulizi umefanya nini. Anauliza karatasi zinakuruhusu kufanya nini siku utakayoamka na nia nyingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna kampuni ndogo inayotengeneza kamera za kuona gizani. Mnunuzi ni kampuni iliyosajiliwa Luxembourg mwezi uliopita. Mwenye kampuni hiyo ni mfuko wa uwekezaji uliosajiliwa Visiwa vya Cayman. Mfuko unaendeshwa na watu wachache walioko London, na waliochangia fedha ni wengi: mfuko wa pensheni wa Canada, familia mbili tajiri, na benki ambayo mwenye hisa wake mkuu ni serikali ya nchi fulani. Kwenye chati nadhifu ya wanasheria, benki hiyo ina asilimia chache na haina sauti.

Mchunguzi haishii kwenye chati. Anataka mkataba wa wabia, na anausoma wote. Nani anaweza kumwondoa meneja wa mfuko? Ni mambo gani yanayohitaji idhini ya wabia wote, hata kama mbia mmoja ana kidogo? Benki ina haki ya kuweka mtu wa kuhudhuria vikao vya bodi bila kupiga kura? Inaletewa ripoti gani, na ndani ya ripoti hizo kuna michoro ya kiufundi au ni hesabu za faida tu? Kisha linakuja swali linalozaa majibu kuliko yote: kuna barua yoyote ya pembeni, iliyoandikwa kati ya mfuko na benki peke yao, ambayo haimo kwenye mkataba mkuu? Mara nyingi haipo. Ikiwapo, inaweza kuwa ya kurasa mbili tu, na ndani yake kukawa na aya inayoipa benki nafasi ya kwanza ya kununua teknolojia siku kampuni ikiuzwa tena. Asilimia chache zisizo na sauti zimepata sauti.

Zamani kamati ingeweza kushindwa kuigusa benki ya aina hiyo, kwa sababu haidhibiti kampuni. Sheria ya Agosti 2018, iitwayo FIRRMA, iliziba pengo hilo kwa uangalifu ninaousifu. Haikusema kila mgeni mwenye hisa moja achunguzwe. Ilizichagua kampuni za aina tatu, yaani zenye teknolojia nyeti, zenye miundombinu ya lazima, na zenye taarifa binafsi za Wamarekani, halafu ikataja haki tatu ambazo hata mwenye hisa chache akizipata atahesabiwa: kuziona taarifa za kiufundi zisizo za hadharani, kukaa au kuhudhuria kwenye bodi, na kushiriki katika maamuzi kuhusu vitu hivyo nyeti. Mwekezaji anayetaka faida tu aliachwa apite.

Kesi iliyonifundisha zaidi inatoka Oregon, kwenye nyanda za upepo upande wa kaskazini wa jimbo hilo. Machi 2012 kampuni ya Ralls, iliyosajiliwa Delaware na kumilikiwa na Wachina wawili waliokuwa viongozi katika kundi la Sany, ilinunua miradi minne midogo ya umeme wa upepo. Sany ni watengenezaji wa mitambo, na nia ilikuwa kusimika mitambo yao pale. Jirani na hapo kuna eneo la mafunzo la Jeshi la Wanamaji, Boardman, na anga iliyozuiliwa kwa ajili ya ndege zake. Miradi hiyo ilikuwa ama ndani ya anga hiyo ama pembeni yake. Ralls hawakutoa taarifa kabla ya kununua; walipeleka jalada Juni. Kamati ikaweka masharti ya kusimamisha ujenzi, na tarehe 28 Septemba 2012 Rais Barack Obama akaamuru miradi iuzwe. Ilikuwa amri ya kwanza ya namna hiyo tangu MAMCO, miaka 22 kabla yake.

Eneo hilohilo lilikuwa tayari na mitambo mingine mingi ya upepo, na baadhi ilitengenezwa na kumilikiwa na wageni. Ralls walilisema hilo kwa nguvu: mbona wale wameachwa? Kwa mtazamaji wa kawaida hoja yao ina uzito. Kwa mchunguzi, jibu limo kwenye ile hesabu ya mambo matatu. Mahali ni palepale, udhaifu ni uleule, lakini aliyesimama mahali hapo amebadilika. Mtambo wa upepo hudumu miaka mingi, unahitaji mafundi wa kuuhudumia, magari ya kuingia na kutoka, na kibanda cha vifaa vya mawasiliano. Mwenye mtambo ana sababu halali ya kuwa pale kila siku, akitazama angani. Serikali haikueleza hadharani ilichokiogopa, na hapo ndipo palipokuwa na kasoro.

Ralls walikwenda mahakamani wakishitaki namna walivyotendewa. Hawakupewa nafasi ya kuona hata ushahidi usio wa siri. Tarehe 15 Julai 2014 Mahakama ya Rufaa ya Washington iliwapa haki. Majaji hawakugusa uamuzi wa rais kuhusu usalama. Walisema mtu hawezi kunyang'anywa mali yake bila kuelezwa msingi wa uamuzi, bila kuoneshwa ushahidi usio wa siri na bila kupewa nafasi ya kuujibu. Mwaka uliofuata pande mbili zilipatana.

Naiona hukumu ile kuwa zawadi kwa kamati. Fundi anayefanya kazi gizani, bila mtu wa kumuuliza, huanza kulipualipua. Tangu 2014 kila anayeandika waraka wa kuzuia ununuzi anajua kwamba sehemu yake isiyo ya siri inaweza kusomwa na mwanasheria wa upande wa pili, mstari kwa mstari. Sentensi kama "mnunuzi ana uhusiano na serikali" haitoshi tena. Uhusiano upi, kupitia kwa nani, tangu lini?

Msomaji wa Dar es Salaam analijua jina la DP World kutokana na mjadala wa 2023, Bunge la Tanzania liliporidhia makubaliano na Dubai mwezi Juni na mikataba ya uendeshaji wa sehemu ya bandari ikasainiwa Oktoba. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoitia kamati ya Marekani kwenye msukosuko mkubwa. Mwaka 2006 iliinunua P&O ya Uingereza kwa dola bilioni 6.8, na P&O ilikuwa ikiendesha magati New York, New Jersey, Baltimore, Philadelphia, Miami na New Orleans. Kwa hiyo wakati sisi tulikuwa tunajadili mkataba ambao serikali yenyewe iliuingia, Wamarekani walijikuta wakipata mwendeshaji mpya kwa sababu mzazi wake wa London ameuzwa.

Kamati ilikwishalipitia jalada hilo kwa siku 30 na kulipitisha, ikiwa na ahadi za maandishi za kampuni mkononi. Kwa kazi ya kiufundi, naamini walikuwa sahihi. Ardhi ya bandari ilibaki mali ya mamlaka za bandari, ulinzi ulibaki kwa Walinzi wa Pwani, ukaguzi wa mizigo kwa forodha. Lakini Rais George W. Bush mwenyewe alipata habari baada ya idhini kutolewa, na Bunge lililipuka. Kamati ya Matumizi ya Baraza la Wawakilishi ilipiga kura 62 kwa 2 kuzuia mpango huo. DP World wakatangaza kuachia magati yote ya Marekani. Sheria ya Julai 2007 ikaja na dawa yake: majalada mazito yatiwe saini na viongozi wa juu wa wizara, na Bunge liarifiwe kwa utaratibu. Hesabu ya hatari ikiwa sawa, bado mkubwa anayeibebea dhamana lazima awe ameiona.

Nikiulizwa ufundi wao umelala wapi zaidi, sitataja kuzuia. Kutoka 1990 hadi mwisho wa 2024 marais walitoa amri za kuzuia au kuvunja ununuzi mara nane tu, ingawa mwaka 2022 peke yake kamati ilipokea majalada 440. Mengi hupita bila sharti lolote. Machache, wenyewe hujitoa wakishaelewa upepo unavuma wapi. Katikati kuna yale yanayoruhusiwa kwa mkataba wa usalama wa taifa, na hapo ndipo mkono wao unapoonekana. Fundi cherehani mzuri hupunguza kiunoni bila kugusa mshono wa bega. Mkataba mzuri wa namna hii huondoa hatari na kuacha biashara ikitembea.

Mnunuzi anaweza kuruhusiwa kumiliki kiwanda kizima, ila chumba kimoja kiingiwe na raia wa Marekani peke yao. Anaweza kupokea faida yote, ila taarifa za wateja zihifadhiwe kwenye kompyuta asizoweza kuzifikia. Anatakiwa kumteua afisa wa usalama anayekubaliwa na serikali. Wageni kutoka kampuni mama watolewe taarifa kabla hawajaja kutembelea. Bidhaa ambayo jeshi linaitegemea iendelee kuuzwa kwa jeshi hata kama haina faida tena. Kisha anawekwa mkaguzi wa nje, anayelipwa na kampuni lakini anayeripoti kwa serikali. Kila sharti linapaswa kufungwa kwenye udhaifu uliotajwa, na liwe linaweza kukaguliwa. Ahadi ya "kuheshimu usalama wa Marekani" haikaguliki. Mlango wenye kumbukumbu ya kila aliyeingia unakaguliwa.

Mikataba hii ina makali. Agosti 2024 ilitangazwa kwamba T-Mobile imetozwa faini ya dola milioni 60. Kampuni hiyo, ambayo mwenye hisa wake mkuu ni Deutsche Telekom ya Ujerumani, ilikuwa imesaini mkataba wa usalama mwaka 2018 ilipokuwa inajiandaa kuungana na Sprint. Ikashindwa kuzuia watu wasioidhinishwa kuziona taarifa nyeti, na haikuripoti yote kwa wakati. Haikuwa kampuni ya nchi inayotiliwa shaka. Waliangalia kilichoandikwa na kilichofanyika.

Kuna upande mwingine wa kazi unaohitaji pua kuliko kalamu: kuyagundua mauziano ambayo hakuna aliyeyaripoti. Mwaka 2016 kampuni ya Beijing Kunlun ilinunua asilimia 60 hivi ya Grindr, programu ya simu ya mashoga ya kutafutana, kwa dola milioni 93, na ikachukua iliyobaki mwaka 2018. Kwa macho ya zamani hapo hapakuwa na suala la ulinzi. Hakuna bomba, hakuna rada. Lakini programu hiyo ilikuwa inajua kila mtumiaji yuko wapi, anazungumza na nani, na kwa waliojaza wenyewe, hali yao ya virusi vya Ukimwi. Miongoni mwa mamilioni ya watumiaji wamo wanajeshi na watumishi wa serikali, na siri kama hiyo ikiwa mkononi mwa shirika la kijasusi inatosha kumgeuza mtu kuwa mateka. Kamati ilifika kwa kuchelewa, mwaka 2019, ikaitaka Kunlun iuze. Mwaka 2020 iliuzwa kwa dola milioni 608 hivi. Mnunuzi alipata faida kubwa, na serikali ilipata ilichokitaka. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka huohuo zinazitaja taarifa za mahali mtu alipo, za afya na za vinasaba kwa majina.

Hata ardhi imeingia. Juni 2022 kampuni ya MineOne, yenye wamiliki wa China, ilinunua kiwanja Cheyenne, Wyoming, na kuweka mashine za kuchimba sarafu za kidijitali. Kiwanja kiko ndani ya maili moja kutoka kambi ya jeshi la anga ya Francis E. Warren, inayosimamia makombora ya nyuklia ya Minuteman III. Kamati haikuarifiwa, raia mmoja ndiye aliyewashtua. Mei 2024 Rais Joe Biden aliamuru kiwanja kiuzwe na vifaa viondolewe.

Kinyume chake ni Grand Forks, North Dakota, na hapa heshima yangu kwao ni kubwa pengine kuliko popote. Kampuni ya Fufeng ilinunua ekari 370 kwa ajili ya kiwanda cha kusindika mahindi, kilomita ishirini hivi kutoka kambi nyingine ya jeshi la anga. Wananchi walipiga kelele, wanasiasa wakapiga kelele, na jibu jepesi lilikuwa kuzuia. Mwishoni mwa 2022 kamati ilisema haina mamlaka: hiki ni kiwanja, si kampuni iliyonunuliwa, na kambi hiyo haimo kwenye orodha yetu ya maeneo nyeti ya kijeshi. Walikosolewa vikali. Jeshi la anga likaandika barua likisema mradi ni tishio, na halmashauri ya mji ikaufuta Februari 2023. Baadaye mwaka huo Wizara ya Fedha iliongeza kambi nane kwenye orodha, Grand Forks ikiwemo. Hawakuivuta sheria mpaka ifike wanapotaka. Waliiacha ishindwe, kisha wakaibadilisha hadharani, kwa ajili ya mnunuzi ajaye.

Nasema haya kwa uchungu kidogo nikiitazama kesi ya chuma. Desemba 2023 Nippon Steel ya Japani ilikubaliana kuinunua U.S. Steel kwa dola bilioni 14.9. Mnunuzi anatoka nchi rafiki, yenye askari wa Marekani kwenye ardhi yake. Bidhaa ni chuma. Lakini chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma kilipinga, makao makuu yako Pittsburgh, na Pennsylvania ni jimbo linaloamua uchaguzi wa rais. Wagombea wa pande zote walikwishatamka msimamo wao kabla jalada halijakamilika. Desemba 2024 kamati ikashindwa kukubaliana, na tarehe 3 Januari 2025 Biden alizuia. Donald Trump akaamuru mapitio mapya, na tarehe 13 Juni aliruhusu, kwa mkataba wa usalama na hisa moja ya dhahabu inayoipa serikali sauti juu ya mambo kama kufunga viwanda na kuhamisha makao makuu. Katika miezi 18 hiyo, jalada lilelile lilipewa majibu mawili yanayopingana, na sioni lolote lililobadilika katika tishio wala udhaifu.

Mauziano yalikamilika 18 Juni 2025. Makao makuu yanatakiwa kubaki Pittsburgh, mtendaji mkuu awe raia wa Marekani, na wajumbe wengi wa bodi vilevile. Kuna dola bilioni 11 zilizoahidiwa kuwekezwa kufikia 2028. Kila sharti kati ya hayo sasa linahitaji mtumishi wa serikali wa kulikagua, wa kudai ripoti ikichelewa, na wa kuisoma hadi ukurasa wa mwisho.